Jaji wa katikati kwenye kesi ya kaka yake bibi

Wakuu, salaam kwenu. Hii siyo chai. Ningekuwa natunga, ningeimalizia pazuri.

Nimemaliza sheria, kazi sina, niko Miteja kwa bibi mzaa mama nasaidia palizi.

Mimi ni mtu wa kuwaza mno. Kwenye mahafali yangu mama na shangazi walipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Bibi alikaa kimya, mikono mapajani. Hilo limenisumbua miezi yote. Nimemkosea nini?

Juzi mchana nilikuwa naangalia kwenye simu kesi ya nchi mbili, mahakama ya kimataifa. Bibi akachungulia.

"Mume wangu, huyo wa katikati ni mtu wa wapi?"

Nikamtajia. Nikajitia ualimu: rais wa mahakama ile akiwa raia wa nchi mojawapo yenye kesi, anaachia uongozi kwa kesi hiyo. Anabaki kuwa jaji, ila kiti cha kati anakikalia mwingine.

"Anaambiwa asogee?"

"Ndiyo kanuni yao, Bibi. Hata kama ni mwadilifu."

"Kumbe wanajua," akasema.

Ndipo akanisimulia habari za kaka yake Salum. Mimi nilijua tu kwamba "alifia Lindi".

Wakati wa Mwingereza, Salum alikuwa mkata mkonge kwenye shamba moja karibu na Lindi. Msimamizi wa Kiingereza akakutwa ameuawa kwa panga. Siku chache nyuma Salum alikuwa amegombana naye mbele ya watu, basi akakamatwa yeye. Akasema siku ile alikuwa kijijini Sudi, mazikoni, na watu wa Sudi wakaja kumshuhudia.

Jaji Mwingereza. Mwendesha mashtaka Mwingereza. Pembeni wazee wa baraza watatu, watu wa huku kwetu.

Mwanzoni mkalimani alimuuliza Salum kama ana pingamizi na mzee yeyote. Baba yao alikuwa ameshapeleleza: mmoja kaoa kwa nyapara wa shamba lile. Salum akamkataa, akaletwa mwingine. Familia ikapumua.

Kuhusu jaji hawakuulizwa. Na mji mzima ulijua kwamba amefikia nyumbani kwa mwenye shamba.

(Hapa nimewaza sana, wakuu. Huenda alikuwa mtu wa haki kabisa. Huenda kuna ushahidi ambao bibi, binti mdogo wakati ule, hakuuelewa. Sijui.)

Ushahidi ulipoisha, wazee wakaulizwa mmoja mmoja. Wa kwanza: hana kosa. Wa pili: hana kosa. Wa tatu vilevile.

Sasa, kwenye baraza la kijijini mwenye kiti husema mwisho, na husema yale waliyokubaliana wazee. Kwa hiyo mama yao akapiga vigelegele mlemle mahakamani. Wanawake waliokuwa nje wakapokea. Mtu akatoka mbio kutafuta mbuzi.

Askari wakawanyamazisha. Jaji akawashukuru wazee kwa maoni yao, kisha akasoma ya kwake, maana kisheria yao hayakumfunga.

Salum anyongwe.

"Tulidhani mkalimani kakosea," bibi akaniambia. "Baba akamwambia, hebu rudia wewe. Akarudia."

Salum akanyongwa. Mama yao hakupiga tena vigelegele, hata siku ya harusi ya bibi.

Nilichojifunza: chuoni niliikariri kanuni ile ya kiti nikidhani imewekwa kwa ajili ya majaji. Imewekwa kwa ajili ya anayeshindwa, aondoke bila swali. Bibi bado analo. "Angekuwa mtu wa nchi nyingine ningesema kakosea," alisema. "Huyu nimseme nini?"

Wanasheria mliomo humu, mngemjibuje? Na wenye wazee waliopita kwenye mahakama zile, leteni ya kwenu.

Mimi nikamuuliza langu la mahafali: kwa nini hakupiga vigelegele.

"Nilikuwa namsubiri yule mwenye joho, wa katikati, aseme," akajibu.

"Mbona alisema, Bibi?"

"Alisema Kizungu. Nikamngoja mkalimani."