Maana ya Ajizi

Siku ile hunijia bado, mwanangu, hasa jua linapokuwa kali na mbuga ya Ihumwa inapoanza kuyumba machoni kama kitu cha ndotoni. Ilikuwa enzi ya Mjerumani, reli ikisogea kuja Dodoma, nami kijana wa kubeba udongo wa tuta. Wagogo wenzangu wengi pale hawakujua Kiswahili. Mimi nilikuwa nikijifunza kwa nyapara wetu, mtu wa pwani, na kila neno jipya nililivaa kama shanga.

Neno nililolipenda kuliko yote ni ajizi. Nyapara alimwita hivyo yeyote aliyechelewa au aliyekaa kupumua kidogo, nami nikaamini ni namna ya kifahari ya kusema mvivu. Nilipenda tu linavyotoka mdomoni.

Kulikuwa na jirani yetu, Chedego, mtu mzima mwenye mke na watoto. Ndiye aliyenifundisha kuchunga ng'ombe nilipokuwa mdogo. Juma zima Chedego alikuwa akibeba udongo kutushinda sote, halafu siku mbili tatu unamkuta amelala kwenye nyasi, macho kwenye mawingu. Kisha mzima tena. Tukanong'ona kwamba anachagua siku za kufanya kazi.

Mchana mmoja msimamizi Mjerumani akamwona amelala hivyo. Akamuuliza nyapara, na nyapara akanigeukia mimi, kwa kuwa nilitoka kijiji kimoja na Chedego.

"Huyu ana nini?"

"Ajizi, bwana," nikajibu upesi. Nilifurahi kuulizwa, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma hata leo.

Wakamlaza chini. Hamsa ishirini, ndivyo tulivyoviita vile viboko ishirini na tano. Sauti yake siikumbuki. Nakumbuka vumbi jekundu likipanda taratibu na kuelea, na ng'ombe kule mbali wakiendelea kula majani.

Alasiri nikapita kwa Mwalimu Iddi, Mrangi wa Kondoa aliyeuza tumbaku kambini na kufundisha watoto Kurani. Nikamsimulia, nusu nikijisifu kwa Kiswahili changu. Akaacha kupima tumbaku.

"Ajizi ni nini?"

"Mvivu, Mwalimu."

"Neno hilo limetoka kwa Waarabu. Kwao ni mtu asiyeweza, aliyeishiwa nguvu. Huku kwetu watu wamelitumia vibaya mpaka limekuwa tusi. Sasa niambie, ulimuuliza Chedego kama anaweza?"

Nikatikisa kichwa. Mwalimu akafunga tumbaku yake.

"Inuka, twende kwake."

Tulimkuta ndani ya tembe, nyumba yake ya udongo, amelala kifudifudi, mkewe akimpaka samli mgongoni. Mwalimu akamgusa shingo, akaurudisha mkono haraka. Mwili ulikuwa moto. Ilikuwa homa ya papasi, ile inayoondoka ukadhani umepona, kisha ikarudi. Nikapiga magoti.

"Kaka, nilikusema bila kukuuliza."

Akageuza uso upande wangu.

"Ungeniuliza," akasema, "ningekwambia."

Asubuhi nikamwendea nyapara, nikamwambia Chedego anaumwa, mzigo wake nitaubeba mimi. Akacheka, akakubali. Nilibeba vikapu vyake na vyangu mpaka siku moja miguu ikanikataa kabisa. Nilitaka kusimama, mwanangu, nilitaka kwa moyo wote, na mwili haukusikia.

Chedego alipona homa. Tulisalimiana mpaka uzeeni, lakini hakunikaribisha tena kukaa naye malishoni, nami sikumlaumu.

Sikatai kwamba uvivu upo. Nimewaona wavivu, na kuna masika niliyowahi kuwa mmoja wao. Ila ukimkuta mtu amekaa wenzake wakifanya kazi, msogelee kwanza. Muulize amelalaje, amekula nini, anaumwa wapi. Jina la kumpa liache lisubiri. Na mkubwa akikuuliza habari za mwenzako, usikimbilie kujibu ili uonekane unajua. Kusema "sijui, ngoja nikamuulize" hakutakupunguzia kitu.

Mungu akupe mikono yenye nguvu, mwanangu, na subira ya kuuliza. Na nguvu zikikuishia, maana zitakuishia siku moja, akuweke karibu na watu watakaokuamini.