Siku Mia Moja za Kiwiko cha Norman

Nilimjua Norman kwa mkasi wake. Kazi yangu ni kunoa visu, mapanga na mikasi, nikisukuma jiwe langu kati ya Jinja na Mbale, huku Uganda, na kila nilipofika Kimaka, kwenye nyumba za askari, mkasi wa fundi cherehani wa kambi ndio ulioletwa wa kwanza. Ulikuwa mkasi mzito, wenye kamba nyekundu kwenye mpini. Mwenyewe alikuwa Mgisu mwembamba, mpole, aliyevaa sare kama kila askari lakini bunduki alikuwa akiiazima siku za gwaride tu.

"Mimi vita yangu ni na matako ya maafande," alikuwa akiniambia. "Kila mwaka yanaongezeka, kitambaa ni kile kile."

Mwaka wa tisini na tano alipelekwa kaskazini, yeye na cherehani yake, kushona mahema na mifuko ya mchanga. Lori likakanyaga bomu la ardhini. Cherehani ilirudi bila mkwaruzo. Norman alirudi bila mkono wa kulia, umekatwa kiasi cha shibiri moja chini ya kiwiko. Jeshi likamwachia aende nyumbani, na nyumbani kwake ni Namatala, pale Mbale, kwa mkewe Namono.

Kabla hajatoka hospitali ya Jinja, alizungumza naye fundi wa viungo vya bandia, jina lake Gaster, mtu wa sauti ya chini kama anayesoma dua. Alimwambia, "Kidonda kikipona, rudi baada ya miezi mitatu au minne nikupime. Nitakutengenezea ndoano ya chuma yenye mkanda wa begani. Ukivuta bega inafunguka, ukiachia inabana. Itakushikia kitambaa. Lakini kila siku kunja kiwiko na ukinyooshe, hata kikiuma."

Norman aliitikia. Njiani akasema moyoni, ndoano ni ya nyama buchani. Haya alinieleza mwenyewe baadaye.

Nilipofika Namatala mwanzo wa mwaka uliofuata, niliwakuta wawili kwenye benchi moja mbele ya cherehani moja. Norman alikuwa akikanyaga pedali na kuongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Namono alikuwa mkono wa kulia. "Vuta," anasema Norman. "Sasa achia. Nimesema achia." Namono alikuwa na shamba la maharage upande wa pili wa reli na kazi zote za nyumba, lakini saa nzima alikaa pale akivuta na kuachia. Mishono ilitoka imepinda kama njia ya mbuzi. Siku hiyo mama mmoja, Betty, alirudisha suruali ya shule.

"Fundi, mtoto wangu ana miguu miwili sawasawa," akasema. "Hii umeshona ya mtoto mwingine."

Namono alicheka kidogo ili yule mama asiondoke kwa hasira. Norman hakucheka. Alikuwa na kazi moja tu duniani, aliyoipenda na kuiweza, na ilikuwa inamtoka mbele ya macho ya mkewe. Kutoka siku ile nilijua anachotaka, nacho ni kushona peke yake tena. Hakutaka kitu kingine.

Sasa nieleze habari ya sinema.

Kule Namatala kuna kibanda cha video, cha mabati na magunia, na ndani yake alikuwepo mfasiri anayeitwa Umaru. Filamu zinakuja kwa Kiingereza, yeye anakaa kando ya televisheni na kipaza sauti, anasema kwa Kiswahili kila kinachotokea. Umaru alikulia upande wa Kenya, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kikali, si kama chetu hiki cha kuokoteza. Na sisi watu wa huku, Kiswahili tulikipata kambini na kwenye vizuizi vya barabara. Mtu akikisema kwa nguvu namna ile, hata raia anakaza mgongo. Anayeongea hivyo kwetu hasimulii, anaamuru.

Tena Umaru hakuwa na ruhusa ya kunyamaza. Filamu ikikaa kimya kidogo, watu wanapiga kelele, "Umaru, umelala?" Kwa hiyo palipokuwa kimya alitia maneno yake.

Ilikuwa Jumapili mchana, mvua inanyesha, nami nikaingia kukwepa maji. Norman alikuwa benchi la mbele. Filamu yenyewe ilikuwa ya watu wanaochimba madini mwezini. Mchimbaji mmoja mkono wake unaingia kwenye mashine, unakatika. Halafu ikaja sehemu ndefu ya hospitali, mtu amelala, mkono umefungwa kifuani, muziki tu.

"Umaru, umekufa?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Umaru akakohoa. "Daktari anasema hivi. Mkono ufungwe kifuani siku mia moja. Usitikisike. Ukitikisika hata mara moja, chuma kitakataa damu."

Halafu yule mchimbaji akaletewa mkono wa chuma wenye vidole vitano. Yule mtu hakubonyeza kitu. Aliwaza tu, vidole vikafunga. Wakampa uzi na sindano wamjaribu. Akaupitisha uzi kwenye tundu la sindano, mara ya kwanza.

Norman alisimama. Watu wakamwambia akae, anaziba. Hakusikia.

Mvua haikuwa imekatika filamu ilipokwisha, tukabaki tunabishana.

"Hiyo uongo ya Wazungu," akasema Makokha, mbeba mizigo wa stesheni.

"Hata kwenda mwezini mlisema ni uongo," akajibu mwingine. "Wakaenda."

"Wewe uliwaona?"

"Na wewe baba yako aliikataa redio, akasema ndani yuko mtu mfupi. Leo unasikiliza mpira kwa nani?"

Watu wakacheka. Norman akamwendea Umaru, akasimama sawasawa kama mbele ya mkubwa. "Siku mia moja, afande?"

Umaru alikuwa anafunga nyaya zake. "Mia moja," akasema, bila hata kugeuka.

Niliporudi Mbale baada ya wiki sita, nilimkuta Norman amefungwa kitambaa cha kijani kuzunguka kifua, kigutu kimebanwa juu karibu na shingo. Benchi lilikuwa na mtu mmoja tu, Namono, anajifundisha kushona vifungo. Yeye alinifuata mpaka pale nilipoweka jiwe langu.

"Mzee, wewe ni mtu mzima, anakusikiliza. Mwambie afungue. Analala amekaa, usiku kucha, anaogopa kugeuka. Nikitaka kumwosha ananifukuza."

Nikaenda. Nikamuuliza, "Bwana Norman, yule fundi wa Jinja alisema nini?"

"Fundi alisema ndoano," akajibu. "Sinema ilisema vidole." Halafu akaongeza, kama mtu anayemwonea huruma mjinga, "Mzee, siku ile nalikunja kama Gaster alisema, nalilia kama mtoto. Sasa haiumi. Hata kitu moja haiumi. Hiyo si dalili?"

Ningeweza kusema zaidi. Nilimtazama uso, ulikuwa umetulia mara ya kwanza tangu aumie, nikashindwa kuuvuruga. Nikarudi kwenye jiwe langu, nikanoa. Namono alinitazama mpaka nikaondoka. Jicho lile ninalo mpaka leo.

Siku ya mia moja tulikwenda Jinja pamoja, mimi nikiwa na safari yangu ya huko. Alivaa shati lililopigwa pasi. Pale Nalufenya, tukiingia Jinja, aliomba maji dukani akanawa uso, akaniuliza kama amenyoa vizuri.

Gaster alifungua kitambaa polepole, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kikaanguka chini. Mkono haukushuka. Ulibaki pale pale juu, kama wa mtu aliyebeba mtoto ambaye hayupo. Gaster akaushika kwa vidole viwili akauvuta kidogo. Jasho lilimtoka Norman kwenye paji.

"Nani alikwambia ufunge hivi?" Gaster akauliza.

"Daktari."

"Daktari gani?"

Norman alitazama ukuta. "Wa mwezini."

Ikabidi mimi nieleze yote, kibanda, filamu, sindano. Nilidhani Gaster atacheka au atakasirika. Alivuta kiti akakaa.

"Kinachoniuma ni kwamba si uongo," akasema. "Mikono ya namna hiyo ipo. Huko Ulaya kuna watu wanaivaa. Haijafika kutia uzi kwenye sindano, lakini inafunga na kufungua. Mtu ukimwambia afunge vidole alivyopoteza, msuli wa huku juu bado unatii, unajikaza, na ukijikaza unatoa umeme mdogo sana. Mashine inausikia ule umeme, inafunga. Zamani watu waliota tu, mafundi wakaja nyuma yao. Siku moja hata huku itafika." Akaweka vidole vyake juu ya kigutu. "Funga ngumi."

"Ipi?"

"Ile isiyokuwepo."

Norman akafumba macho. "Nimefunga."

"Funga."

"Afande, nimefunga mpaka inauma."

Gaster aligeuza kichwa, kama anayesikiliza nyuma ya mlango. Halafu akanishika mkono akaniwekea vidole vyangu kwanza kwenye mkono wa kushoto wa Norman. Pale nyama iliruka kama chura chini ya ngozi. Kisha akaniweka kwenye kigutu. Nilisubiri. Nadhani kulikuwa na kitu, kidogo mno, au labda ilikuwa damu yangu mwenyewe.

"Msuli umelala," akasema Gaster. "Siku mia moja hukuutumia. Na kiwiko kimeganda. Nikikufungia hata ile ndoano yangu ya kawaida, itafika kidevuni. Kitambaa kiko mezani."

"Kwa hiyo ile sinema ilisema kweli yote," Norman akasema.

"Karibu yote. Kufunga mkono kifuani tu ndiko hakukuwa kweli."

Alimpa mazoezi ya kunyoosha, akamwambia yatamtesa, labda mwaka, labda isirudi. Norman akashukuru. Siku zote alikuwa na adabu.

Tulifika Namatala siku ya pili mchana na hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kibandani. Umaru alikuwa anafagia maganda ya karanga. Nilijua Norman aliwahi kuwa askari, nikaogopa, nikasimama kati yao.

"Tazama," Norman akasema.

Umaru akatazama ule mkono ulioganda hewani. "Nini hii?"

"Siku mia moja."

Ilichukua muda Umaru kukumbuka. Nilimwona anatafuta, filamu gani, Jumapili gani, halafu nikaona imempata. Ufagio ukabaki mkononi. "Lakini afande," akasema, "watu walikuwa wananipigia kelele. Pale hapakuwa na maneno. Mimi nilijaza tu."

"Ulisema daktari amesema."

"Nilijaza tu."

"Basi jaza tena," Norman akasema, bila hasira hata kidogo. "Sema utanyooka. Sema kwa nguvu, kama siku ile."

Umaru, ambaye sikuwahi kumsikia akikosa neno, alifungua mdomo akaufunga.

Tangu siku ile alikuja kila asubuhi nyumbani kwa Norman kabla ya kufungua kibanda. Kazi yake ilikuwa kuvuta. Namono alishika bega, Umaru alivuta kigutu, Norman aliuma kitambaa. Nilishuhudia mara moja, sikurudi kutazama tena. Umaru alikuwa akihesabu kwa sauti, moja mpaka thelathini, na hakutia neno lingine. Majirani waliosikia ile sauti wakasema fundi anapewa adhabu ya kijeshi.

Kufika mwezi wa tisa mkono ulikuwa umeshuka upana wa vidole vitatu. Vidole vitatu tu. Norman alirudi Jinja akamsihi Gaster mpaka akamtengenezea ile ndoano hata hivyo. Nami nilipita Namatala siku aliyoijaribu. Ilifunguka. Ilibana. Ilikuwa kitu kizuri, inang'aa, na ilikaa mbele ya midomo yake.

"Meza ndiyo iko chini," Norman akasema. "Tuipandishe."

Umaru akaleta matofali. Wakapandisha cherehani tofali moja, mawili, matano kila mguu, mimi nikishikilia isianguke, mpaka sindano ikawa sawa na ndoano. Norman akasimama, akabana ncha ya kitambaa, ikashika barabara. Akaisogeza chini ya sindano. Ukingo wa kitambaa ulikuwa umenyooka kabisa, nawaapia.

Halafu akatafuta pedali kwa mguu. Pedali ilikuwa imepanda pamoja na meza. Aliinua goti, akaifikia, akakanyaga mara moja, na matofali yakayumba. Akajaribu mguu wa pili. Akamwambia Umaru akanyage yeye. Umaru akakanyaga, lakini mkanyagaji na mshonaji wakiwa wawili sindano inakwenda isipotakiwa, na kitambaa kikajikunja kwenye meno ya mashine.

Tulisimama wote wanne pale tukiitazama cherehani ilivyo juu. Nguo za shule za watu zilikuwa zimelundikana kitini, Jumatatu shule inafunguliwa.

"Tuishushe," Namono akasema.

Norman alifungua ndoano, akaibana tena.

"Baba, tuishushe. Kuna kazi."

Namono akaanza kutoa matofali mwenyewe, moja moja, akiyapanga ukutani. Cherehani ilipogusa ardhi alikaa kwenye benchi upande wa kulia, akalainisha kitambaa kwa kiganja, akangoja. Norman alifungua mkanda wa begani, akampa Umaru ile ndoano aishike, akaenda kukaa kushoto.

"Vuta," akasema.