Buti Lenye Sukuma Wiki

Kazi yangu ni kupaka rangi kuta za Busia, upande wa Uganda: matangazo ya soda, sabuni, dawa za minyoo. Nikichora chupa ya soda hakuna anayeniuliza kitu. Lakini mwaka jana wenye vibanda vya sokoni waliniomba niwachoree picha yao wenyewe. Nikachora buti kubwa la askari lililooteshwa mboga ya sukuma wiki, na mwanamke akiichuma. Watu walisimama, wakacheka, wakalipiga picha. Nilivimba kichwa, sitaficha.

Wiki haikuisha, mkubwa mmoja wa mji akapita. Akasema buti linatukana serikali, aliyelichora alifute mwenyewe. Nilikasirika. Nikaapa sifuti.

Mama, anayeuza dagaa mbele ya ukuta huo huo, ndiye aliyenivunja nguvu. Alikuja na ndoo ya chokaa na pakiti ya chumvi.

"Futa, mwanangu. Babu yako walimchukua juu ya neno moja aliandika kwa ukuta, wakati ya askari. Walimtoa kijijini kwetu Kisoko asubuhi. Mpaka leo hatujazika mtu."

Wakati wa askari ndivyo wazee wetu wanavyouita ule utawala wa kidikteta. Habari ya babu sikuwahi kuisikia.

Sisi wapaka rangi tunajua chokaa tupu haikai juu ya rangi ya mafuta. Mvua mbili tu, imebanduka. Chumvi ndiyo huishikisha. Ningeweza kumdanganya mama, nikaiacha chumvi, lakini moyo ulikataa. Nilitia chumvi yote, nikapaka huku nalia.

Masika yakapita, ukuta ukabaki mweupe pe.

Kisha asubuhi moja nikamkuta mama ameshika gunzi la mahindi, anasugua. Maji meupe yalimtiririka hadi kiwikoni. Soko zima lilimtazama. Soli ya buti ilikuwa imeshatokea.

"Mama, na yule mkubwa?"

"Aje. Nimeogopa tangu niko mtoto, na babu yako bado hajarudi."

"Nilitia chumvi kwa ajili yako."

"Najua. Naona vile inakataa kutoka." Akanipa gunzi. "Sugua huko juu, kwa sukuma. Mimi sifiki."