Mafunjo Tuliyokataa Kung'oa

Watu wa mjini juu walituita watu wa bondeni, na wakitamka hivyo walikunja pua. Haya, tulikuwa watu wa bondeni. Miaka ile ya sabini nyumba zetu zilibanana kando ya mto, chini ya soko la Kasulu, na mto ndio uliotulisha. Mama yangu, mjane mwenye watoto wanne, alikata mafunjo, akayaanika, akasuka mikeka ya kuuza. Kiangazi tulipanda maharage kwenye unyevu wa ukingoni. Hatukumwomba mtu chumvi.

Akaja bwana afya mpya, na viatu vyake vinavyong'aa, akatangaza kwamba mafunjo yanafuga mbu. Jumamosi kila nyumba itoke na jembe, iyang'oe na mizizi yake. Atakayekaidi atahamishwa.

Mama alipiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama mwanamke wa Kiha anavyomwamkia mkubwa. "Tumesikia, bwana." Nilimkasirikia sana. Nilidhani ameogopa.

Kwetu mafunjo hayang'olewi. Unakata kwa mundu na kuacha kisiki cha shubiri moja, kichipue tena. Jumamosi ile wanawake wa upande wetu walitoka na majembe begani, miundu imefichwa ndani ya vitenge. Ng'ambo ya mto majirani walitii, wakang'oa kweli. Sisi tulikata, tukavipaka visiki matope, tukabeba mizigo yetu nyumbani. Jioni bwana afya alisimama mbali, asichafue viatu, akasema, "Hongereni, kina mama!" Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Mvua zilituumbua. Mafunjo yalichipua mabichi, na bwana afya akateremka akifoka mbele ya watu.

"Nani amepanda haya?"

"Muulize Mungu," mama akajibu.

"Kesho unahama!"

Tungehamia wapi? Shamba jingine hatukuwa nalo, wala kazi nyingine. Lakini mama alikuwa amesimama wima, akimwonyesha ng'ambo. Kule, bila mizizi ya kushika udongo, ukingo ulikuwa umemeguka, matuta ya maharage yameondoka na maji, na jiko la jirani limeinama juu ya mto.

"Wale walikutii, bwana. Mimi nilikudanganya, na nyumba yangu imesimama. Haya, nihamishe."

Yule jirani, akiwa ndani ya matope mpaka magotini, akapaza sauti: "Na sisi, bwana, unatuambiaje?"

Bwana afya aligeuka kurudi mjini. Alipandisha kilima, na hiyo kesho yake haikufika. Sikuwahi kumwonea mama fahari kama siku ile, na sioni haya kusema kwamba nilifurahi kumwona mkubwa amefedheheka.

Asubuhi mama alichimba mizizi kidogo katika mafunjo yetu, akavuka nayo mto, akamkabidhi jirani.

"Panda," alimwambia. "Akirudi, mwambie ni mimi."