Vizibao vya kuku wa Mama Pindo

Saa tatu asubuhi jua limeshapanda ukutani, na Mama Pindo amembana kuku mwekundu kwapani kama mtu aliyebeba mkoba. Anapitisha lastiki chini ya bawa moja, kisha la pili. Anamweka chini. Kuku anajikung'uta, anayumba hatua mbili, halafu anaenda kuchakura akiwa amevaa kizibao cha bluu kilichoshonwa kwa mabaki ya sare za shule.

"Amependeza au hakupendeza?" anauliza, kisha anajijibu mwenyewe: "Amependeza."

Mama Pindo ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka hamsini na tisa. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kazi inayomlisha ni kukunja mapindo ya suruali na sare. Siku nzuri hukunja sita. Siku mbaya cherehani hushinda imefunikwa.

Anaishi peke yake katika chumba kimoja chenye ua mdogo nyuma. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita. Binti yake wa pekee anafanya kazi mbali na hupiga simu kila Jumapili.

"Umekula? Nimekula. Umelala salama? Nimelala. Basi, simu imeisha," anasema.

Wanaobaki naye kutwa ni mitetea saba na majogoo wawili. Jogoo mkubwa anaitwa Mzee. Marehemu alimleta angali kifaranga, ndani ya mfuko wa koti. Mdogo ni mtoto wa Mzee, na anaitwa Bubu kwa sababu alikua kutoka pora, yaani jogoo mchanga, hadi akawa na mkia wa kuburuza bila kuwika hata siku moja.

Shida ilianza mapema mwaka huu. Mitetea walikuwa wanane, na migongo yao ikaanza kunyonyoka manyoya kwa kupandwa mfululizo na majogoo wote wawili. Mayai yakashuka kutoka matano kwa siku hadi mawili. Mtetea mmoja akapata kidonda, akafa.

Bwana mifugo alipokuja, hakuzunguka mbuyu.

"Mama, mitetea saba hawawezi majogoo wawili. Toa mmoja, la sivyo utawazika wote."

"Nimtoe nani, mwanangu?"

"Hapo sisemi. Tabia zao unazijua wewe."

Hapo ndipo alipokosea. Alimtazama Mzee anayewika kutwa na kumkimbiza mwenzake hadi nyuma ya pipa. Akamtazama Bubu, mpole, anayekula wa mwisho. Akaona mkorofi ni yule mwenye kelele. Jioni hiyo akamuuza Mzee kwa mchuuzi wa kuku anayepita na tenga kwenye baiskeli.

"Sikumwangalia akiondoka. Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano."

Asubuhi yake Bubu alipanda juu ya banda, akawika. Akawika tena. Kisha akashuka, akawavamia mitetea kwa namna ambayo baba yake hakuwahi. Kumbe upole wote ule ulikuwa ni woga wa Mzee.

"Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo. Msemo huo naujua tangu utotoni. Sikujua kwamba unawahusu na kuku."

Lakini kilichomchoma zaidi kilikuwa kingine.

"Ile sauti haikuwa yenyewe. Tangu mume wangu aondoke, anayeniamsha ni kuku wake. Siku ile niliamka nikajiona mgeni nyumbani kwangu."

Alifunika cherehani, akajifunga kanga, akaenda sokoni kwa miguu. Njia nzima aliomba Mungu jogoo asiwe ameshafika kwenye sufuria ya mtu. Mchuuzi alipomsikiliza, alicheka mpaka akajishikiza kwenye tenga.

"Shangazi, una bahati. Wateja watatu wamemshika paja wakamrudisha. Mmoja kaniambia, huyu kuni zitaisha, yeye bado anakutazama."

"Basi nirudishie, baba."

"Nikurudishie hivihivi? Biashara ni biashara."

"Suruali yako inafagia soko zima. Ilete nikukunjie."

"Niivue hapa hapa?"

Wakacheka wote wawili. Mama Pindo anasema hakumbuki mara ya mwisho kucheka na mtu ilikuwa lini. Suruali mbili zilikunjwa, na Mzee akarudi kwake.

Tangu hapo ua umegawanywa kwa wavu wa kitanda kibovu, Mzee huku, Bubu kule. Mitetea huhamishwa kwa zamu, na vizibao vinawakinga migongo wakati manyoya yanaota.

"Mama Pindo, wanafunzi wako wanafungua shule lini?" jirani anayefua nguo anamtania.

"Kwani wewe ulimaliza?"

Jirani anaangua kicheko, anabeba beseni lake, anaingia ndani. Ua unarudi kuwa kimya.

Mitetea watatu sasa wanaatamia, mayai kumi na moja kila mmoja. Mpango wake ni kuongeza mitetea hadi kila jogoo awe na kumi wake, vizibao visihitajike tena. Bwana mifugo amemwambia kumchinja mmoja ni rahisi zaidi. Anatikisa kichwa.

"Jogoo mmoja anawika tu. Wawili wanajibizana. Mzee akiita, Bubu anaitikia. Na mimi nakaa hapa kama mtu aliye na watu."

Jumapili iliyopita binti yake alizisikia sauti hizo kwenye simu. "Mama, nani hao?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa na haraka ya kukata. Mama Pindo alimhadithia yote, kisha akamwomba aje vifaranga wakitotolewa. Binti hakusema ndiyo, wala hakukataa. Alisema ataangalia zamu zake kazini.

Kwa chaki anayochorea vitambaa, Mama Pindo ameandika tarehe ya kutotolewa mlangoni, upande wa ndani. Chini yake ameacha nafasi ya tarehe nyingine.