Beti Zilizokosa Mwenyewe

Neno prodyuza hunitoka haraka, kama mtu anayepita mbele ya wazee bila kofia. Sina hakika kama nalistahili. Niliishia darasa la nane, muziki sikuusomea, na nilichokiita studio kilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya makuti huko Ukunda, nimesimamisha magodoro mawili ya sufi ukutani ili sauti isigonge na kurudi. Lakini nijitendee haki na mimi: nyimbo za hip-hop zilitoka mle chumbani, na watu walizisikia, hata wale wasiotakiwa kuzisikia.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Nilikuwa na mashine ya kurekodi ya kaseti, ile inayopokea sauti nne mbalimbali kwenye kanda moja. Niliipata kwa mpiga gita wa hoteli moja ya Diani alipokuwa akirudi kwao. Nilikuwa na kinanda cha umeme, na maiki niliyoivika soksi ili isivume mtu akitamka kwa nguvu. Soksi ilikuwa safi. Nalisema hili kwa sababu rapa wangu alikuwa akiwaambia watu vingine.

Rapa huyo alikuwa kijana wa bara, mhudumu wa mezani hotelini. Alikuja kwangu mchana, katika ile nafasi anayopewa mhudumu baada ya chakula cha mchana na kabla ya cha usiku, bado amevaa shati jeupe la kazi, ananukia supu. Sijarekodi mtu mpole kama yeye. Jumapili hakosi kanisani, na akimkuta mama mwenye nyumba anateka maji humpokea ndoo. Kosa lake lilikuwa kumwita "mathe". Mama akawa anajibu, "Mimi si mathe wako, mimi ni mamako. Salimia kama watu."

"Shikamoo, mathe."

"Marahaba. Afadhali nusu kuliko kukosa."

Mpole hivyo, lakini ukimweka mbele ya maiki anageuka chui. Yeye alisema ndiyo sheria ya hip-hop: lazima umkandamize mtu. Nani? Mtu tu. Wimbo wake mkubwa ulianza hivi:

*Wewe si kitu, jina lako halivuki uchochoro,*
*mafuta yako yamechacha, unauza kasoro,*
*nikifungua kinywa changu unafunga biashara,*
*waulize wateja wako, wote wamenihama... wamekuhama!*

Hapo mwishoni ndipo alipokuwa akijikwaa. Kila akikosea, tunarudisha kanda nyuma, anaanza upya kwenye "wewe si kitu". Ndivyo kazi ilivyokuwa. Mtu akisikia wimbo redioni hudhani uliimbwa mara moja; sisi tulikaa na mistari hiyo minne karibu juma zima.

Sasa nyuma ya ukuta ule, dirisha kwa dirisha, alikaa jirani yetu muuza vitumbua.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa, lakini nieleze kwa ajili ya wengine. Pwani yetu mwanamke hulelewa kwenye mafumbo. Harusini anaimbiwa mwenzake, hatajwi jina, na kila aliyepo anajua anayeimbiwa ni nani. Leso, yaani kanga, hununuliwa kwa maneno yake, ikavaliwa ikapitishwa mbele ya mlango wa mhusika. Neno lisilo na mwenyewe halipo. Sasa mtu kama huyo, anayekaanga vitumbua kila alfajiri, asikie mchana kutwa dirishani kwake kwamba mafuta yake yamechacha na wateja wamemhama, tena kwa kurudiwarudiwa, afanye nini? Haki ni haki: mimi ningekuwa yeye ningemwaga maji ya moto.

Yeye hakumwaga. Alikuwa mwanamke wa adabu. Siku ya tatu nikaona leso mpya imeanikwa kwenye kamba, imevutwa ikanyooka ili maandishi yasipate mkunjo, inatazama dirisha langu: SEMA UCHOKE RIZIKI HAIPUNGUI. Nami, kwa akili yangu ya darasa la nane, nikamwambia rapa, "Tazama leso nzuri."

Siku ya nne akaweka kaseti ya taarabu kwenye redio yake, akaielekeza spika kwetu, na kila tukianza naye anaanza. Nikisikiliza kanda, nyuma ya sauti ya rapa kuna fidla. Rapa akasema, "Buda, hii iko poa, iache." Nilifikiria kweli kuiacha.

Siku ya tano mama mwenye nyumba alikuja mlangoni. Alikuwa mama wa Kidigo, mfupi, aliyeachwa na mumewe zamani, na ile nyumba ndiyo iliyokuwa riziki yake. Hakuingia.

"Mwanangu, yule bibi nimekaa naye miaka. Tumezikana, tumeozeshana. Nyinyi mnamtukana kwa nini?"

"Hatumtukani, mama. Ni wimbo tu."

"Wimbo wa nani?"

"Wa... hip-hop."

"Hipuhopu anakaa wapi?"

Akasema, taratibu kabisa, kwamba kesho alasiri tutakaa barazani sote, na kama nimemgombanisha na jirani yake, chumba nirudishe.

Vyumba vingine vilikuwepo Ukunda, lakini vyote vya matofali na mabati, ukiimba ndani bati linakujibu. Na wenye nyumba niliokwisha kuwauliza, wakisikia neno muziki, walikuwa wanafunga mlango. Bila chumba kile cha makuti ningekuwa mtu mwenye mashine chini ya kitanda. Uprodyuza wangu wote ulikuwa mle ndani.

Kesho yake tukakaa. Mama kwenye kiti, jirani kwenye mkeka ameivaa ileile leso, mimi na rapa kwenye kizingiti kama watuhumiwa.

Mama akamwuliza rapa, "Mafuta ya nani yamechacha?"

"Ya hakuna mtu, mathe. Nimeimba tu hivyo. Ni stailo."

Jirani akacheka kwa pua. "Mtu hatupi jiwe hewani siku tano. Lazima kuna kichwa alichokilenga."

"Auntie, naapa, sijakulenga. Mimi hata vitumbua vyako nanunua kila asubuhi."

"Ndiyo sababu! Umeonja ndipo ukaimba!"

"Ni vitamu!"

"Basi yamechacha ya nani?"

Ilizunguka hivyo. Rapa jasho likamtoka kuliko siku ya watalii wengi. Mwishoni akawekwa sawa: mtaje huyo adui yako, tujue si jirani, mambo yaishe. Basi kijana akafikiri. Akafikiri kweli. Akataja msimamizi wake wa hotelini, akajirudi, "Lakini huyo ni mtu mzuri, alinipa siku ya kwenda kumzika babu." Akataja rapa mmoja wa kijiji cha Waa, kisha akakumbuka kwamba walishaazimana kofia. Niliona kitu ambacho sikukitegemea: bingwa wangu wa matusi hakuwa na adui hata mmoja kuanzia Likoni hadi Shimoni.

Na nilivyomwona jirani, sina hakika kama nilimsoma vizuri, lakini alianza kuchukia zaidi. Alikuwa amenunua leso. Alikuwa amewaambia wenzake sokoni kwamba anaimbiwa. Kuambiwa sasa kwamba hukuimbiwa wewe wala mwingine ilikuwa kama kushushwa cheo.

"Kwa hiyo kelele zote hizi ni za bure?" akauliza.

Mama mwenye nyumba akawa anazungusha pete kidoleni. Halafu akasema, "Mtupieni yule wa Msambweni."

Tulimtazama.

"Mtalaka wangu. Aliniaga anakwenda kutazama minazi yake Msambweni, siku mbili tatu. Minazi ikamzalia mke. Talaka akanitumia kwa mkono wa mtu mwingine, yeye hakuja. Huyo ndiye si kitu. Huyo ndiye jina lake halivuki uchochoro."

Jirani akapiga kofi pajani. "Na mafuta yalichacha!"

"Yalichacha zamani."

Hukumu ikawa hiyo. Chumba ningebaki nacho kwa sharti moja: mwanzoni mwa wimbo itamkwe wazi kwamba beti hizi zinamwendea nani, ili asisumbuke mtu mwingine. Rapa akatamka kwa Kiswahili chake kilichovaa tai ya hotelini: "Wimbo huu ni zawadi kwa bwana mmoja wa Msambweni, aliyekwenda kutazama minazi." Jirani akazima taarabu, na siku ile rapa hakujikwaa hata kidogo. Nadhani kumjua unayemtukana husaidia ulimi. Au alikuwa amechoka tu, siwezi kusema.

Wimbo ulipendwa, na nisijidai, biti yangu, yaani mdundo wenyewe, haikuwa sababu. Watu walipenda yale maneno ya mwanzo. Kila mtu anamjua bwana aliyekwenda kutazama minazi. Rapa aliwagawia wenzake wa hotelini kanda, wao wakawapa ndugu zao, na kanda moja ikaangukia kwa kinyozi wa Msambweni, ambaye aliipiga dukani kwake huku akinyoa.

Nadhani unakisia alikuwa akimnyoa nani.

Alikuja alasiri moja, mzee mrefu, kanzu safi, nywele zimenyolewa upande mmoja vizuri kuliko mwingine. Alibisha hodi barazani mara tatu kwa sauti ya chini. Mama alitoka, akamwona, akaingia ndani bila neno. Mimi nilianza kuchomoa nyaya. Nilijiambia, mke na mume walioachana wakigombana juu ya kanda yako, kitakachotoka nje kwanza ni magodoro yako.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa maneno?"

"Maneno si yangu, mzee. Mimi ni fundi wa sauti."

"Basi nisikilizishe sauti."

Aliusikiliza wote, amekaa juu ya ndoo niliyoipindua, mikono juu ya fimbo. Akaomba tena. Kisha akasema, "Ngoma nzuri. Lakini mtu akishtakiwa barazani hupewa nafasi ya kujibu. Au kwenu hipuhopu hawajibu?"

Sikuona njia ya kukataa. Nilikuwa nimeupa nafasi upande mmoja, iweje niunyime wa pili? Nikamsogezea maiki. Aliitazama soksi, hakuuliza. Nikafungua kanda.

"Bismillahi," akasema. "Mimi sikusema uongo. Minazi ilikuwepo."

Nikamwashiria aendelee.

"Ilikuwepo na ipo mpaka leo. Niliyemkuta kule ni jambo jingine, Mwenyezi Mungu ndiye anayepanga. Kutuma mtu na talaka nilikosea, ningekuja mwenyewe. Niliogopa. Lakini nazi nilikuwa nikimtumia. Gunia zima kila msimu. Hilo hawezi kulikana."

"Mbovu!" ikaja sauti kutoka uani, nyuma ya magodoro.

Mzee hakugeuka. Akaiambia maiki, "Baadhi."

"Nusu!"

"Nusu," akakubali.

Akasimama, akaniombea dua ya kazi njema, na akatoka. Pale uani alisimama kidogo. Sikusikia walichosemezana, na ukweli ni kwamba nilijaribu. Nilichosikia ni mama akimwuliza ni nani aliyemnyoa vile.

Nilibaki na kanda mkononi. Sauti ya mama iliingia kwa mbali, wala hakuwa ameomba kurekodiwa. Fundi mwenye shule pengine angejua la kufanya. Mimi nilikwenda jikoni, nikamweleza kwamba sauti yake imo, kama anataka nitaifuta, na kama anakitaka chumba chake nitaanza kutoa vitu leo.

Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa.

"Ile 'mbovu' inasikika vizuri?"

"Inasikika kidogo, mama."

"Iongeze," akasema. "Chumba kaa. Na yule kijana wa bara akitoka kazini mwambie aniletee beti nyingine. Huyu hajaisha."