Ufunguo wa Chumba cha Barafu

Rebeka Chenge alikuwa amekata minofu ya sangara kwa miaka kumi na minne katika kiwanda kimoja cha Nyakato, na wenzake walimchagua kuwasemea kwa sababu hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Siku gesi ilipovuja kwenye chumba cha barafu, wafanyakazi wawili walifia humo wakigonga mlango uliofungwa kwa nje. Mmoja wao alikuwa Pius, mdogo wa mpakiaji Shimba.

Wafanyakazi waligoma, na siku ya tatu baada ya mazishi mgomo uligeuka vita. Geti liling'olewa. Meneja, mgeni aliyeletwa na wenye mali wa ng'ambo, aliburutwa kutoka ofisini, damu ikimchuruzika puani. Shimba alikuwa na nondo mkononi.

"Babu zetu walichapwa viboko wakilimishwa pamba na wageni!" alifoka. "Sasa wanatuulia kwenye sangara wetu. Leo basi!"

Rebeka akajipenyeza, akamkinga meneja.

"Shimba, kaka yangu, hata mimi simpendi huyu. Lakini siye aliyefunga mlango. Ufunguo alikuwa nao Deodatus, msimamizi, mwenzetu wa hapahapa."

Alisema kweli, na papo hapo akatamani kuimeza. Umati wote ulimgeukia Deodatus, aliyejibanza kando ya tangi la maji. Makofi, mateke, mawe.

"Niliamriwa, jamani!" alilia.

Nondo ya Shimba ikamvunja goti. Mtu akaja mbio na tairi la kumchomea.

Rebeka akamlalia Deodatus mgongoni. Tofali likampiga usoni. Akasikia mfupa ukipasuka, kisha damu ya moto ikajaa jichoni.

"Mlinichagua niwasemee!" alipiga kelele. "Nasema niueni mimi kwanza!"

Shimba alikuwa ameshainua nondo tena. Alipomtambua Rebeka, akaiacha ianguke, akachuchumaa akalia. Polisi walifika na mabomu ya machozi, watu wakatawanyika.

Jicho la kushoto la Rebeka halikupona. Mahakamani Deodatus, akiegemea gongo, alikiri kufunga mlango, akaeleza kuwa meneja ndiye aliyeamuru, ili watu wasitoroke zamu. Wote wawili wakafungwa.

Wapo wanaomwita Rebeka kibaraka wa wageni. Uchaguzi wa msemaji wa wafanyakazi ulipofika alishinda kwa kura sita, na Shimba alimwambia wazi kwamba hakumpigia.

"Ulimtaja mtu mbele ya watu wenye mawe, dada. Kidogo tu neno lako linifanye muuaji."